Punguza mafuta, misuli ibaki: mwongozo kamili wa sufuria na dumu la maji

Mwaka juzi nilipungua kilo 11 ndani ya miezi miwili na nusu, nikawa natembea mitaa ya Nkuhungu hapa Dodoma najisikia kweli, kila ninayekutana naye ananiuliza "aisee umepungua, unafanyaje?" na mimi namjibu kwa raha zote: asubuhi maji ya ndimu, mchana matunda, usiku sili, na kukimbia kila siku. Alafu siku moja maji yakakatika mtaani nikaenda kuchota kwa jirani, nikashika dumu la lita 20 kama ninavyolishika siku zote, mkono ukagoma. Niliweka chini mara tatu mpaka kufika mlangoni. Nikaingia ndani nikavua shati nikajiangalia kwenye kioo, mabega yameisha, mapaja yamesinyaa, shingo imebaki mishipa, na kitambi kipo palepale kimelegea kidogo tu. Yaani sehemu kubwa ya nilichopunguza ilikuwa maji na nyama yangu mwenyewe. Baada ya miezi mitano kilo zote zikarudi, na zilirudi mafuta matupu.

Kwahiyo naandika hapa nilivyofanya mara ya pili, taratibu, bila jimu, kwa chakula cha hapahapa Dodoma. Kitu cha kukishika ni hiki: mwili ukinyimwa chakula hauchomi mafuta peke yake, unakula na misuli pia, kwa sababu misuli ni gharama kuitunza na mwili ukiona haina kazi unaiachia. Ili mwili usiiachie inabidi uipe misuli kazi nzito na uiletee protini ya kutosha kila siku. Ukikosa kimojawapo utapungua ndio, ila utakuwa mtu mdogo mwenye kitambi.

Kabla ya yote: wewe ni mzima?

Kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge vya kushusha sukari, usipunguze chakula kabla ya kuongea na daktari wako, sukari inaweza kushuka mpaka ukazimia. Vilevile mwenye shida ya figo (hii protini nitakayoisema inaweza isimfae), mwenye presha iliyo juu, mjamzito, na mama anayenyonyesha. Na kama unapungua wakati hujafanya chochote, hiyo sio bahati, nenda hospitali ukapimwe.

Hatua ya 1: pima vitu vitatu

Watu wengi wanapima kilo tu na hapo ndo wanapopotea. Chukua mzani, chukua na tepu ya fundi cherehani, na chukua daftari. Kilo unapima asubuhi ukishatoka chooni kabla hujanywa chai, na usiangalie namba ya siku moja, andika siku 7 utafute wastani, maana ukila chumvi nyingi jioni kesho yake unaweza kuamka umeongezeka kilo nzima ya maji. Kina dada na wao siku zinapokaribia wanashika maji, wasishtuke, walinganishe wiki ya mwezi huu na wiki kama hiyo ya mwezi uliopita. Kiuno unapima usawa wa kitovu, umetoa pumzi, tumbo usilibane. Mwanaume akivuka sentimita 102 na mwanamke 88 hapo hatari ya kisukari na moyo imeshapanda sana, na inaanza kupanda kuanzia 94 na 80. Cha tatu ni nguvu: andika pushapu ngapi unapiga, na dumu la lita 20 unalibeba hatua ngapi bila kuliweka chini.

Hicho cha tatu ndo mlinzi wa misuli yako. Kiuno kikishuka na nguvu zikibaki palepale au zikipanda, unachopoteza ni mafuta. Kiuno kikigoma na nguvu zinashuka huku mzani unakupongeza, simama hapohapo, unakula misuli.

Hatua ya 2: jua unahitaji kalori ngapi

Hesabu haiumi. Zidisha kilo zako kwa 10, zidisha urefu wako wa sentimita kwa 6.25, jumlisha hizo mbili, alafu toa umri wako mara 5. Mwanaume ongeza 5, mwanamke toa 161. Hizo ni kalori ambazo mwili unazitumia hata ukilala kutwa. Kama kazi yako ni ya kukaa lakini unatembea kidogo na mazoezi mara tatu kwa wiki, zidisha kwa 1.375.

Chukua mama wa miaka 40, kilo 80, urefu sentimita 160. Ni 800 jumlisha 1,000 toa 200 toa 161, unapata 1,439. Zidisha kwa 1.375 inakuja kama 1,980. Hapo unakata 300 mpaka 500, sio zaidi. Yeye akikata 400 atakula kama 1,580 kwa siku. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ni karibu kalori 7,700, kwahiyo kwa hesabu hiyo atapunguza kilo moja ya mafuta kila baada ya wiki tatu hivi. Najua inaonekana kidogo. Wiki ya kwanza mzani utashuka haraka kwa sababu ya maji, usifurahi sana wala usitegemee wiki ya pili iwe vile. Kasi nzuri ni kama nusu asilimia ya uzito wako kwa wiki, isivuke asilimia moja, na kadri unavyokuwa mwembamba ndo unatakiwa kwenda taratibu zaidi, maana akiba ya mafuta imepungua na misuli ndo ipo karibu kuliwa.

Hatua ya 3: protini kwanza, vingine vifuate

Hapa nitakaa kidogo maana ndo panapotuangusha watu wa huku. Sahani yetu ni ugali mlima, mboga kidogo, nyama vipande viwili vya heshima. Mtu anayepunguza mafuta anahitaji gramu 1.6 mpaka 2.2 za protini kwa kila kilo, na kama una mwili mkubwa tumia kilo unazotaka kufika, sio ulizonazo. Huyo mama anataka kufika 68, zidisha 1.6, ni kama gramu 110 kwa siku.

Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha McMaster kule Kanada walichukua vijana wa kiume wakawakata asilimia 40 ya chakula walichohitaji kwa wiki 4, na wote walipiga mazoezi makali siku 6 za wiki. Kundi moja likala gramu 1.2 za protini kwa kilo, jingine gramu 2.4. Wa 1.2 walipoteza mafuta kilo 3.5 na misuli ikabaki ilipokuwa, wa 2.4 wakapoteza kilo 4.8 za mafuta na juu yake wakaongeza zaidi ya kilo moja ya mwili usio mafuta. Njaa ileile, jasho lilelile, tofauti ni protini. Usiige makali yao (walikuwa vijana na wanasimamiwa) ila somo lichukue.

Sasa inatoka wapi bila kununua makopo ya unga? Yai moja ni gramu 6, kwahiyo trei moja la mayai 30 ni gramu 180. Kuku bila ngozi, mnofu ulioiva gramu 100, unakupa kama 30. Perege wa Mtera anakaribia hapohapo, kama 26. Glasi ya maziwa au mtindi 8. Maharage yaliyoiva gramu 100 yanakupa 8 au 9. Dagaa wakavu ndo mfalme, gramu 100 zinafika kama 60, na wanauzwa kwa kipimo pale Majengo sokoni bei ambayo mtu wa kawaida anaiweza, ila usiwakaange wakaelea, waoshe, wachemshe na nyanya na kitunguu na ndimu. Karanga watu wanazihesabu kama protini, sawa ipo, lakini gramu 100 zake ni kalori zaidi ya 550, hizo ni za kupima kwa kijiko sio kutafuna toka mfukoni huku unaangalia mpira.

Siku ya huyo mama inaweza kuwa hivi. Asubuhi mayai matatu ya kuchemsha, glasi ya mtindi bila sukari, na kipande cha kiazi kitamu. Mchana maharage yaliyoiva gramu 200, dagaa wakavu gramu 25 wa kupika, mchicha au chainizi nyingi anavyotaka, na ugali wa gramu 60 za unga, hiyo ni karibu nusu kikombe cha chai cha unga, ukiiva unakuwa bonge la ngumi moja. Jioni mnofu wa kuku gramu 120, ugali mdogo zaidi, na mlenda uliowekwa karanga za kusaga kijiko kimoja na nusu. Hapo amefika karibu gramu 110 na kalori kama 1,550. Ugali uwe wa uwele au mtama kama unaupenda, kalori zake hazipishani sana na za sembe ila nyuzinyuzi zinakuwa nyingi na unakaa tumboni muda mrefu. Na mlenda kwa kweli ni zawadi ya Wagogo kwa mtu anayepungua, unajaza bakuli zima, tumbo linashiba, na kalori hamna kitu ukiwa hujaumwagia mafuta.

Hatua ya 4: tafuta kalori zilizojificha

Jioni moja nilimwomba mke wangu apike mboga kama anavyopika siku zote, ila mafuta ayamimine kwanza kwenye kikombe. Alizeti ya Singida, nzuri, inanukia. Akamimina kwa jicho. Tukachukua kijiko cha chakula tukayapima kimoja kimoja kurudisha kwenye dumu: vijiko 9, na tulikuwa watu watatu mezani. Kijiko kimoja ni kalori 120. Maana yake kila mtu alikuwa anakula kalori 360 za mafuta kwenye mchicha tu, kabla ya ugali, kabla ya nyama. Mke wangu akakaa kimya akiangalia kile kijiko, akasema "kumbe ndo maana". Toka siku hiyo mboga ya watu watatu inapikwa kwa vijiko 2 na hakuna aliyelalamika ladha, kitunguu ukikiacha kiive taratibu na nyanya ya kutosha inatosha kabisa.

Vingine ni vya haraka: soda moja ina sukari kama gramu 35. Chai ya ofisini vijiko vitatu vya sukari mara vikombe vinne. Chipsi mayai sahani moja inaweza kumaliza nusu ya chakula chako cha siku. Bia na mvinyo wetu wa zabibu, pombe ina kalori 7 kwa kila gramu, karibu sawa na mafuta ambayo ni 9. Zabibu mbichi kula kwa raha, gramu 100 ni kalori kama 70, ila zile kavu ni zaidi ya mara nne ya hapo.

Ukialikwa nyama choma nenda, usijifungie ndani. Agiza mbuzi, kachumbari na ndizi moja ya kuchoma, chipsi na bia waachie wenzako. Sherehe ikija na pilau, anza na nyama na saladi, pilau sahani moja, kesho unaendelea na ratiba yako bila kujiadhibu kwa kushinda njaa.

Wanaofunga, Ramadhani au Kwaresma, mwongozo ni uleule, jumla ya siku ndo inayohesabika. Fungua kwa maji na tende, kisha protini, na ule uji wenye sukari nyingi upunguze. Mazoezi fanya saa moja na nusu hivi baada ya futari.

Hatua ya 5: mazoezi ya uzito, siku tatu kwa wiki

Kukimbia ni kuzuri kwa moyo, lakini kukimbia peke yake hakuuambii mwili utunze mabega na mgongo. Uzito ndo unaouambia. Na uzito unao nyumbani: lita moja ya maji ni kilo moja, kwahiyo dumu ni chuma unachoweza kukiongeza kilo mojamoja. Shida yake ni kwamba dumu lisilojaa maji yanacheza yanakuyumbisha, ukishazoea weka mchanga mkavu, lita moja inakaribia kilo moja na nusu. Mpini unakata viganja, zungushia kipande cha kanga kuukuu.

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, fanya haya matano. Kuchuchumaa na dumu umelikumbatia kifuani, miguu upana wa mabega, unashuka mpaka mapaja yalale sambamba na sakafu, visigino vikae chini. Pushapu, kama huwezi za chini anza na mikono juu ya ukuta, ukiweza hamia mezani, kisha ukingo wa kitanda, kisha sakafuni, mama mkwe wangu alianzia ukutani na sasa yupo mezani. La tatu ni la kuvuta: inama mgongo umenyooka, mkono mmoja umeshika kiti, mwingine unavuta dumu mpaka ubavuni. La nne simama na dumu mikononi, rudisha makalio nyuma kama unafunga mlango kwa makalio, dumu lishuke mpaka chini ya magoti, mgongo usijikunje kabisa, alafu inuka. La tano kusukuma dumu dogo juu ya kichwa.

Kila moja seti 3 (yaani raundi 3), kila seti mara 8 mpaka 12, pumzika dakika mbili katikati. Uzito uwe wa kukufanya uishie pale ambapo ungeweza kuongeza mara mbili tu, sio zaidi. Ukiishia mara 12 huku unapiga stori, huo ni mwepesi, misuli haijaambiwa chochote. Ukifika 12 kwenye seti zote tatu, siku inayofuata ongeza lita moja au mbili na urudi 8. Andika kwenye daftari. Toa pumzi unaponyanyua, usiibane, hasa ukiwa na presha. Wiki mbili za mwanzo piga seti 2 tu maana mwili utauma, kuuma kwa misuli ni kawaida, kuchoma ndani ya goti au kwenye uti wa mgongo sio kawaida, acha hilo zoezi.

Zoezi la tumbo halikati kitambi, piga hata mia tano. Mwili unatoa mafuta kwa mpangilio wake. Mikanda ya kubana na nailoni za kutoa jasho zinatoa maji, unakunywa glasi mbili yanarudi. Chai za kuharisha zinasafisha utumbo, mafuta hazigusi, na zinakupotezea chumvi mwilini, naomba sana hizo achana nazo.

Hatua ya 6: tembea, lala

Kutembea hatua 8,000 mpaka 10,000 kwa siku kunachoma kalori bila kukuongezea njaa sana. Jua letu la mchana linajulikana, kwahiyo tembea alfajiri au baada ya saa kumi na moja jioni, na chukua chupa ya maji. Kushuka daladala kituo kimoja kabla, kupandisha vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) jumamosi na familia, vyote vinahesabika. Kukimbia mara moja au mbili kwa wiki sawa, ila usilete kukimbia kila siku juu ya njaa, ndo kosa langu lile la kwanza.

Kulala nilikuwa nadharau mpaka nilipojua jaribio moja la Chicago la mwaka 2010. Watu walewale, kalori zilezile, wiki mbili wakapewa saa 8 na nusu kitandani, wiki mbili nyingine saa 5 na nusu. Kilo walizopoteza zilikuwa karibu sawa, kama 3. Lakini walipolala vizuri, mafuta yalikuwa kilo 1.4, waliponyimwa usingizi mafuta yakawa 0.6 tu, iliyobaki ikatoka kwenye mwili usio mafuta. Saa 7 mpaka 9, simu ikae mbali na kitanda.

Ukikwama, na ukifika

Wastani wa kilo ukigoma wiki tatu na kiuno kimegoma pia, kwanza rudi kwenye kijiko cha mafuta, mara nyingi mkono umeanza kumimina tena kwa jicho. Kama vipimo viko sawa, kata kalori 150 au ongeza hatua 2,000, kimoja sio vyote. Kama kilo zimegoma ila kiuno kinashuka na dumu linaongezeka, usiguse kitu, huko ndo kupungua mafuta na kujenga misuli kwa pamoja na inawatokea sana wanaoanza. Ukishakaa wiki 10 au 12 kwenye kupunguza, kula kalori zako kamili bila kukata wiki moja au mbili, pumzika, alafu uendelee.

Ukifika unapotaka usirudi kwenye mlima wa ugali siku hiyohiyo. Ongeza kalori 100 kila wiki, pima kiuno, mpaka uzito utulie. Protini ibaki, uzito unyanyue angalau mara mbili kwa wiki. Mimi mara hii nimepungua kilo 9 kwa miezi saba, kiuno kimetoka 104 kipo 91, na maji yalipokatika tena mwezi uliopita nilibeba madumu mawili, moja kila mkono, kutoka kwa jirani mpaka mlangoni kwangu bila kuweka chini.